Utepe wa Bomba la Lukwale

Hapo zamani, na msinitolee macho, simaanishi zamani ya majini na wafalme, nasema zamani ya juzi tu, ya watu wenye simu mkononi na vitambulisho shingoni, palikuwa na chuo kikuu cha umma kikiitwa Lukwale. Kilikaa juu ya kilima. Waliokijenga walitaka mandhari nzuri, wakaipata. Maji hawakuyafikiria. Na maji, mnayajua wenyewe, hayapandi kilima kwa kumheshimu profesa.

Katika chuo hicho palikuwa na bweni la wasichana, jengo la ghorofa lisilo na lifti wala tone la maji. Ghorofa ya juu kabisa alikaa Bupe Mwakyoma, binti wa Tukuyu, kule ambako mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea. Mtoto aliyekulia kwenye chemchemi anafika chuo kikuu, anafundishwa kuoga kwa kikombe. Wiki ya kwanza alilia, siwafichi. Halafu akanunua ndoo mbili, akaanza kuteremka bondeni alfajiri kama wenzake.

Mtaniuliza, mtu mmoja ndoo mbili za nini? Moja yake, moja ya Koku. Jina lake kamili Kokushubira, lakini hadithi ni ndefu na jina ni refu, tumwite Koku. Alikuwa mwenzake Bupe wa chumba, mzaliwa wa Bukoba, mguu mmoja umelemaa tangu utotoni, anatembea kwa mkongojo. Akili alikuwa nayo, mdomo alikuwa nao zaidi. Zile ngazi alizipanda mwenyewe, ingawa akifika juu hasemi na mtu mpaka aheme wee atulie. Kuzipanda na ndoo hakuweza. Na kuletewa maji kila siku na rafiki kulimuuma kuliko mguu.

Walikwenda kuomba chumba cha chini. Karani akabonyeza kompyuta, akatikisa kichwa, akasema mfumo umekataa. Wakarudi tena. Mfumo umekataa. Bupe akamwonyesha karani mkongojo, akauweka kabisa juu ya meza yake. Karani akauangalia kwa huruma ya kweli, akabonyeza tena, akasema anasikitika sana, mfumo haujauona.

Basi siku moja Koku akamwambia mwenzake, bila kulia wala kupandisha sauti:

"Bupe, muhula huu ukiisha nikiwa bado niko huku juu, narudi nyumbani. Shahada ya kubebewa maji ya kunawa uso mimi siiwezi."

Bupe alichukua ndoo zake akashuka, akaenda kulilia bondeni, ambako angalau machozi yangechukuliwa kuwa ni maji.

Sasa sikilizeni ajabu yenyewe. Mbele ya bweni hilohilo, pale mlangoni tu, palikuwa na bomba. Si bomba bovu, jamani. Kisima kilichimbwa, tangi likapandishwa, pampu ikafungwa, mafundi wakakusanya vifaa vyao wakaenda zao. Bomba lipo, maji yamo, utepe umefungwa. Utepe mwekundu, na fundo lake la maua, kwa sababu bomba lilikuwa halijazinduliwa. Na pale Lukwale kitu ambacho hakijazinduliwa kilikuwa bado hakijazaliwa.

Mgeni rasmi wa kwanza aliugua. Wa pili akahamishwa. Wa tatu akafiwa, Mungu amrehemu marehemu. Wanamtafuta wa nne, Mpango Mkakati wa chuo ukaisha muda wake, bomba likabaki ndani ya mpango uliokufa. Mkurugenzi wa Mipango alikuwa Dakta Lwakalinda, mtu mpole, anavaa tai hata Jumapili. Aliwaita wasichana akawaeleza taratibu kwamba mradi wa mpango wa zamani hauwezi kuzinduliwa katika mpango mpya mpaka uingizwe upya. Wasichana wakamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Yeye akawajibu haraka haraka haina baraka. Wakaachana hapo, kila mtu na methali yake, na ndoo zikaendelea kupanda kilima.

Utepe ukapauka kwa jua. Mnadhani walilifungua bomba? Thubutu. Idara ya majengo ilileta utepe mwingine. Tena akawekwa mlinzi, Mzee Chilongola, na rungu lake na redio yake, kazi yake kulinda utepe usichezewe. Wasichana wakipita na ndoo kichwani wanamwamkia mzee, kisha wanaliamkia na bomba: shikamoo bomba. Wageni waliotembelea chuo walidhani ni mila ya pale. Bomba lipo, maji yamo, utepe umefungwa.

Sasa chuo hicho kilikuwa na Programu ya Viongozi Chipukizi, na mwenye programu alikuwa Mama Kiango, Mshauri wa Wanafunzi, mama wa Kipare asiyecheka ovyo. Miaka yote viongozi chipukizi walikuwa wakifundishwa kuhutubia, wanapewa cheti, wanapiga picha. Mwaka ule Mama Kiango akasema amechoka na hotuba. Akasema atakayeondoa tatizo moja la wanafunzi, tatizo la kuonekana kwa macho, likaondoka kweli, atampa ufunguo wa Chumba Namba Moja.

Watu wakaguna. Chumba Namba Moja kilikuwa ghorofa ya chini ya bweni la wasichana, vitanda viwili, mlango mpana, dirisha linatazama bomba. Chumba hicho hakikuwa kwenye mfumo. Kilikuwa kwenye mkoba wa Mama Kiango. Na atakayekipata ataamua mwenyewe kukitumia na nani.

Bupe aliposikia vitanda viwili hakusikia tena kitu kingine. Alijiandikisha siku ileile, yeye ambaye mbele za watu hakuwahi kusimama kusema.

Waliofika mwisho wa programu walikuwa watatu. Bupe mmoja. Wa pili Ng'wandu, kijana wa Shinyanga, mrefu, mpenda utaratibu, mtu ambaye hata akitaka kupiga chafya alikuwa anatafuta kwanza imepangwa lini. Wa tatu Mwanahawa wa Pangani, mwenye maneno ya asali, angeweza kumuuzia samaki mvuvi. Na wote watatu walichagua tatizo lilelile. Mngekuwa nyinyi mngechagua jingine?

Ng'wandu alianzia kwenye mpango. Wakati huo chuo kilikuwa kwenye semina ya kuandika Mpango Mkakati mpya, ukumbi mzima, wawezeshaji kutoka mjini, bango kitita kila kona, kadi za rangi zinabandikwa ukutani. Humo ndani hakuna kinachoitwa shida. Shida inaitwa changamoto, na ukiiacha mpaka baada ya chai inaitwa fursa. Ng'wandu akaandika kadi yake: bomba la bweni lifunguliwe. Akaipeleka kwa kikundi cha miundombinu, wakamwambia ukuta wao umejaa. Akaipeleka kwa kikundi cha ustawi wa wanafunzi, wakamwambia wameshaweka michezo, wakiongeza bomba vipaumbele vitakuwa vingi. Wajumbe wengine walikuwa wakinywa chai na kupotea. Ng'wandu hakupotea. Alizunguka na kadi yake ukuta hadi ukuta, mpaka akaona nafasi kwenye kikundi cha utafiti na ubunifu, kilichokuwa na ukuta mpana na mawazo machache. Akaibandika hapo. Ndiyo maana katika Mpango Mkakati wa Lukwale, mwaka wa kwanza, sura ya utafiti, imeandikwa kwamba chuo kitafungua bomba. Dakta Lwakalinda akasoma, akaridhia, akasema sasa kilichobaki ni mgeni rasmi.

Hapo ndipo Mwanahawa alipoingia. Wakubwa wote wa karibu walikuwa na ratiba. Yeye akakumbuka kwamba chini ya kilima anaishi Balozi mstaafu, Mzee Kitwana, aliyekuwa hajaalikwa mahali popote muda mrefu kiasi kwamba suti yake ilikuwa imelala sandukuni na nondo wamehamia. Mwanahawa akaenda kumwamkia. Akanywa chai yake isiyo na sukari. Akasikiliza habari za nchi za baridi, theluji, mabalozi wenzake, na mbwa mmoja wa waziri wa kigeni aliyemng'ata mwaka fulani. Akarudi kesho yake, akamsikiliza mbwa yuleyule upya, akashtuka palepale pa kushtukia. Alipomwomba awe mgeni rasmi, mzee alitoa leso akafuta macho. Mgeni njoo mwenyeji apone. Tarehe ikapangwa.

Na Bupe? Bupe alifurahi, kisha akaingiwa na hofu. Kwao Tukuyu kulikuwa na bomba la kijiji, na alijua bomba lililokaa kimya likifunguliwa linatapika nini. Akaenda kwa Dakta Lwakalinda, akamwomba lijaribiwe kwanza. Dakta akamwambia kwa upole uleule kwamba kulijaribu ni kulifungua, na kulifungua kabla ya mgeni rasmi ni kumvunjia heshima mgeni rasmi. Bupe akauliza, je likitoa tope? Dakta akasema likitoa tope, litakuwa limetoa tope kwa utaratibu.

Bupe alitoka pale akiwa amekasirika mpaka masikio yanawaka moto. Akamsimulia Koku. Koku akacheka kwanza, kisha akachukua mkongojo wake.

Mchana, watu wakiwa wamekwenda kula, Koku akaenda kwa Mzee Chilongola kumchokoza kuhusu mpira. Mzee alikuwa na timu yake na hakutaka isemwe vibaya. Koku akaisema vibaya. Akamsema kipa, akaisema safu ya ulinzi, akamwambia mzee jua kali, tukaongelee kivulini nyuma ya jengo maana mguu unaniuma. Mguu haukuwa unamuuma hata kidogo. Wakaenda.

Bupe akafungua fundo la utepe. Akazungusha koki. Kwanza ikatoka pumzi. Kisha wakatoka manyigu. Akatoka mjusi, tena ametoka na hasira zake, akamwangalia Bupe kama mpangaji aliyefukuzwa bila notisi. Halafu yakaja maji, mekundu, mazito kama uji wa ulezi, yananuka chuma. Bupe akayaacha yatiririke mtaroni, akafunga koki, akafunga utepe. Kesho yake mchana Koku akaisema tena safu ya ulinzi, Bupe akafungua tena. Wakaendelea hivyo mpaka siku maji yalipotoka meupe, ya baridi, na Bupe akayakinga kwa viganja akanawa uso, akacheka peke yake kama mwehu. Akafunga utepe kwa mara ya mwisho. Fundo la maua hakuliweza, akafunga lile ambalo mama yake alikuwa akimfunga kichwani siku za sikukuu.

Siku ya uzinduzi ikafika. Hema, viti vya plastiki, kwaya, kipaza sauti kinachopiga kelele. Mshereheshaji akataja wakubwa wote, akawataja tena waliochelewa, akasema itifaki imezingatiwa. Balozi Kitwana akahutubia. Mbwa wa waziri alikuwemo kwenye hotuba. Hatimaye mkasi ukaletwa kwenye sinia, utepe ukakatwa, koki ikazungushwa, na maji yakatoka meupe pee. Balozi akanywa. Wasichana wakapiga vigelegele mpaka ng'ambo ya bonde watu wakadhani kuna harusi. Na Koku akasogea na mkongojo wake, akakinga kopo dogo la maji kwa mkono wake mwenyewe. Alikaa nalo hivyo, hayanywi, hayamwagi.

Palepale Mama Kiango akasimama akatoa ufunguo kwenye mkoba. Akasema tatizo limeondoka, wote tumeona. Basi aliyeliondoa aseme.

Ng'wandu akasimama. "Mimi ndiye niliyeliingiza bomba kwenye mpango. Bila mpango hakuna ruhusa, na bila ruhusa hata tungeleta wageni mia, utepe usingekatwa. Ufunguo ni wangu." Akaeleza kwamba yeye ni mwanaume, kulala bweni la wasichana hawezi, ila chumba atakigeuza ofisi ya kufuatilia utekelezaji wa bomba. Wasichana wakazomea kidogo, kwa heshima.

Mwanahawa akasimama. "Bomba lilikuwa kwenye mpango wa zamani pia, na likakaa. Mpango haukati utepe, mtu ndiye anayekata. Huyo mtu nimemtafuta mimi, nikamsikiliza mimi. Ufunguo ni wangu." Yeye chumba angekaa na binamu yake, hakuficha. Balozi akapiga makofi peke yake.

Mama Kiango akamgeukia Bupe. Bupe alikuwa anaujua ukweli mwingine: akinyamaza, maji yanaendelea kutoka na sherehe inaisha vizuri. Lakini juu ghorofani, chini ya kitanda cha Koku, kulikuwa na begi la Bukoba limeshafungwa zipu. Akasimama.

"Bomba hili nilishalifungua mimi," akasema. "Mchana, mara nyingi, kabla ya leo. Lilikuwa limejaa tope na wadudu. Ningefuata utaratibu, Mheshimiwa Balozi angeoga uji mwekundu hapa mbele ya kwaya, na bomba lingefungwa siku hiyohiyo lisifunguliwe tena. Mpango waliandika wao, mgeni walimleta wao. Maji mnayokunywa niliyasafisha mimi. Naomba ufunguo."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee Chilongola alimwangalia Koku, akakumbuka safu ya ulinzi, akaelewa. Dakta Lwakalinda akavua miwani, akaifuta, akaivaa, na kwa upole wake uleule akasimama kutoa ufafanuzi. Nisikilizeni hapa kwa makini, maana hapa ndipo penye mfupa.

Dakta akasema hivi. Uzinduzi ni mara ya kwanza. Kama Bupe alifungua kwanza, basi leo hakuna kilichozinduliwa. Mama Kiango akimpa Bupe ufunguo, chuo kitakuwa kimekiri kwamba ndiye aliyefungua, na uzinduzi huu ni batili. Utepe utarudi, na bomba litasubiri mgeni rasmi mwingine, maana Balozi hawezi kuzindua kitu kimoja mara mbili. Lakini ufunguo ukienda kwa Ng'wandu au kwa Mwanahawa, yeye Dakta atakuwa amesikia utani wa mwanafunzi mwenye furaha, na maji yatatoka leo na kesho na daima.

Akamgeukia Bupe. "Binti yangu, ulikuwa unatania?"

Watu wa idara ya majengo walikuwa wameshaleta utepe mpya. Chuo kile kingeweza kukosa chaki, utepe hakijawahi kukosa.

Kelele zikapanda. Wasichana wa ghorofa za juu wakasema Bupe anyamaze, maji ya wote ni bora kuliko chumba cha mmoja. Wengine wakasema haki ya mtu haizimwi kwa vitisho, hata kama tutabeba ndoo. Ng'wandu, nisimdhulumu, akasema ofisi anaweza kuiacha, ampe Bupe chumba, ila yeye ndiye atangazwe mshindi. Dakta akamkumbusha kwamba huko ni kumpa Bupe kwa mkono wa mwingine, na atalazimika kuuliza kwa nini. Mwanahawa aliangalia chini.

Kisha Koku akapiga mkongojo chini, watu wakanyamaza.

"Chumba mimi nakitaka," akasema. "Nisiwadanganye, nakitaka mpaka nakiota. Lakini mmeliona dirisha lake linapotazama? Nikikaa pale, na utepe umerudi, asubuhi wenzangu wakipita na ndoo, nitafunga pazia?"

Halafu akamtazama Bupe, akasema kwa sauti ya chini, ya wao wawili tu, lakini sisi tuliokuwa karibu tulisikia: "Na bila chumba, mwenzangu, begi liko tayari. Sikulazimishi."

Basi, wasikilizaji wangu, Mama Kiango ameshika ufunguo. Dakta anasubiri neno moja la Bupe. Mzee Chilongola ameshika utepe mpya na hajui aufunge au auweke mfukoni. Balozi anauliza pembeni, kwa aibu, kama amezindua au hajazindua. Bomba lenyewe halijafungwa tangu alipolifungua, linamwaga tu.

Hadithi hii nimeisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwenye foleni ya hospitali. Wastaafu wa serikali huniambia iundwe kamati. Vijana huniambia utepe uchomwe moto, halafu nikiwauliza nani atawasha kiberiti wanatazamana. Mimi nimechoka kujibiwa ovyo, kwa hiyo safari hii nawauliza nyinyi, na jibuni kabla mzee hajafunga fundo.

Yuko aliyeliingiza bomba kwenye mpango. Yuko aliyemleta mgeni. Yuko aliyeyasafisha maji, na akisema kweli anayafunga. Na yuko mwenye kopo mkononi, aliyemchokoza mlinzi, ambaye hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama naye ni kiongozi.

Je, ufunguo wa Chumba Namba Moja, nani alistahili kupewa? Na Bupe, mngekuwa nyinyi, mngemwambia amjibu nini Dakta?